Upanga wa ngazi ya 7 na pesa za likelemba

Kaka Mshauri,

Ninakusalimu kutoka Katuba. Mimi ni kijana wa miaka 26, fundi wa simu, na kibanda changu kiko pembeni ya soko, katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Usiku, umeme unaporudi mtaani kwetu, ninacheza kwenye simu mchezo mmoja wa mtandaoni, wa aina ile ambayo mtu huchagua mhusika, humpa jina, kisha humlea kwa miezi na miaka kutoka mnyonge mwenye rungu hadi askari mwenye deraya na upanga unaotoa mwanga. Nimeucheza kwa miaka miwili. Jina la mchezo sitalitaja, na jina langu la kweli pia naomba lisichapishwe.

Katika mchezo huo silaha haibaki kama ilivyookotwa. Unaipeleka kwa mhunzi wa mji, unamlipa mawe ya kunolea, naye anajaribu kuipandisha ngazi moja. Hadi ngazi ya 5 hakuna hatari: akishindwa, umepoteza mawe tu. Kutoka ngazi ya 5 kwenda ya 6 nafasi ya kufaulu ni asilimia 50. Kutoka ya 6 kwenda ya 7 ni asilimia 40. Kutoka ya 7 kwenda ya 8 ni asilimia 20. Na kutoka ya 8 kwenda ya 9 ni asilimia 10. Ukiwa juu ya ngazi ya 5, jaribio likishindwa silaha inashuka ngazi moja. Asilimia hizo zimeandikwa ndani ya mchezo wenyewe.

Mawe ya bure yapo, lakini kazi za kila siku hutoa yanayotosha majaribio mawili tu kwa wiki. Mengine hununuliwa kwa pesa za kweli. Kwa kuwa sina kadi ya benki, namtumia pesa kwa simu jamaa mmoja wa mjini mwenye kadi, naye ananinunulia na kukata kamisheni yake. Nikijumlisha vyote, jaribio moja linanigharimu dola 3. Ipo pia karatasi ya kinga: ukiiweka pamoja na mawe, silaha haishuki hata mhunzi akishindwa. Hiyo ni dola 4 zaidi kwa kila jaribio, na kwa sababu ya bei hiyo sijainunua hata moja.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Sisi mafundi kumi tuna likelemba: kila mwezi kila mmoja anatoa dola 30, na dola 300 zinakwenda kwa mwenye zamu. Aliyenidhamini ni dada yangu mkubwa, ambaye nyumbani sote tunamwita Yaya. Yeye anauza vitenge karibu na vibanda vyetu, na mwekahazina ni rafiki yake. Zamu ya tatu ilikuwa yangu. Nilipanga kununua mashine ya kupuliza hewa moto, ile ya kubandulia vipuri kwenye ubao wa simu, kwa sababu hadi leo kazi za namna hiyo ninampelekea fundi mwingine na faida inabaki kwake. Badala yake, katika wiki sita, nimetumia dola 240 katika mchezo. Dola 96 zilikwenda kwenye deraya na pete. Dola 144 zilikwenda kwenye upanga, yaani majaribio 48 tangu nilipoanza kuupandisha kutoka ngazi ya 5. Mara sita nimejaribu ngazi ya 8, na mara zote sita nimeanguka. Leo upanga umerudi kwenye ngazi ya 7, glavu na viatu bado viko ngazi ya 3, na mfukoni zimebaki dola 60.

Jumamosi ukoo wetu, maana ndivyo tunavyoliita kundi letu la wachezaji, utashambulia ngome. Mkuu wa ukoo, kijana wa Kolwezi, ameniweka mstari wa mbele na kusema kwamba kila wa mbele awe na silaha ya ngazi ya 8. Katika ngazi hiyo nguvu ya shambulio la upanga wangu ingepanda kutoka 412 hadi 437. Ananiambia kwamba nimeanguka mara sita, kwa hiyo ya saba haina budi kupita. Rafiki mwingine ananishauri nichome kwanza panga mbovu tatu au nne kwa mhunzi, yaani nizijaribu zishindwe, ili bahati mbaya iishie huko, kisha niweke ule mzuri. Tena nifanye hivyo saa tisa ya usiku, wakati seva, yaani kompyuta inayoendesha mchezo, haina watu.

Najua utaniambia kwamba mashine ya hewa moto ni kifaa na upanga ni picha. Hilo ninajiambia mwenyewe kila asubuhi. Ninachotaka kujua ni kama mchezo unaniibia, na kama dola 60 zilizobaki, zikitumika pamoja na karatasi za kinga, zinanipa nafasi ya kweli. Na kama utasema nisizitumie, nimwambie nini mkuu wa ukoo? Nimwambie nini Yaya, ambaye wiki iliyopita aliniuliza kama mashine imekwisha kufika? Nimefikiria hata kuuza akaunti yote. Kuna mtu anayesema atanipa dola 150.

Mhunzi wa Katuba

Mdogo wangu Mhunzi,

Barua yako ina tarakimu nyingi kuliko zote nilizopokea mwaka huu, na ninakushukuru, kwa sababu bila tarakimu hizo ningebaki kukuhubiria, nawe mahubiri umeshajipa mwenyewe. Nimechukua kalamu na karatasi, na nitaanza na swali la wizi, kwa kuwa majibu ya mengine yote yanatoka humo.

Mchezo haukuibii kwa namna unayoidhani. Katika ngazi ya 5, ambako silaha haishuki, nafasi ya nusu kwa nusu inadai wastani wa majaribio 2 ili ufike ya 6. Ukiwa ngazi ya 6 nafasi ni 40 kwa 100, na wengi hufanya haraka kusema kwamba hapo yatahitajika majaribio mawili na nusu. Wanasahau kwamba kila wakishindwa wanarudi ngazi ya 5, na ni lazima walipe upya yale majaribio mawili ya kupanda kabla ya kupata ruhusa ya kujaribu tena. Ukihesabu kupanda na kuanguka kwa pamoja, safari ya kutoka 6 hadi 7 inakula wastani wa majaribio 5 na nusu. Sasa weka historia yako juu ya hesabu hiyo: kufika ngazi ya 7 mara ya kwanza ni majaribio 7 na nusu, maanguko yako sita ni majaribio 6, na kurudi ngazi ya 7 mara sita ni majaribio 33. Jumla ni 46 na nusu. Wewe umetumia 48. Nilipoona namba hizo mbili zimekaa jirani hivyo nilirudia hesabu mara mbili, nikidhani nimeipindisha ili inifurahishe. Sikuipindisha. Umepata kile kile ambacho jedwali la mchezo lilikuahidi, na hata kushindwa mara sita mfululizo penye asilimia 20 humpata karibu mtu mmoja kati ya wanne.

Sisemi kwamba kampuni za michezo hazijawahi kudanganya. Mwezi wa kwanza wa 2024, Tume ya Biashara ya Haki ya Korea Kusini iliitoza kampuni ya Nexon faini ya won zaidi ya bilioni 11, hasa kwa sababu ya mchezo wake MapleStory, ambamo wachezaji hununua vijisanduku vya kubadilishia sifa za silaha na mavazi. Tume iligundua kwamba kampuni ilikuwa imepunguza uwezekano wa kupata sifa zilizotamaniwa zaidi bila kuwaambia wanunuzi, na kwamba michanganyiko fulani iliwekewa uwezekano wa sifuri. Watu walilipa kwa miaka kungojea kitu ambacho hakikuwamo sandukuni. Mwezi wa tatu wa mwaka huohuo nchi hiyo ikaanza kutumia sheria inayozilazimisha kampuni kuonyesha asilimia zao. Wewe asilimia umeonyeshwa. Ambacho hukuonyeshwa, na ambacho hakuna sheria ninayoijua inayolazimisha kionyeshwe, ni bei ya ngazi nzima, na hiyo haifanani hata kidogo na bei ya jiwe.

Hebu tuimalize hesabu. Kutoka ngazi ya 7 hadi ya 8, jicho likiona asilimia 20 linasoma majaribio matano, yaani dola 15. Lakini mara nne kati ya tano utaanguka hadi ya 6, na kutoka huko kurudi tu mahali ulipokuwa ni majaribio 5 na nusu mengine. Ukiyaweka yote pamoja, wastani ni majaribio 27, sawa na dola 81. Na kutoka ngazi ya 8 hadi ya 9, kwa sharti hilohilo la kushuka, wastani unafika majaribio 253, sawa na dola 759. Nimekuandikia namba hii ya mwisho makusudi, kwa sababu mkuu wako wa ukoo anayedai leo ngazi ya 8 hatakaa miezi mitatu kabla ya kudai ya 9.

Sasa nije kwenye karatasi ya kinga, ambayo uliikimbia kwa ajili ya bei. Ukiitumia ukiwa ngazi ya 7 hushuki, kwa hiyo asilimia 20 inakuwa kweli wastani wa majaribio matano. Kila moja ni dola 7, na jumla ni dola 35. Kile ulichokiona ghali kilikuwa chini ya nusu ya gharama ya kile ulichokiona rahisi. Ungeniandikia wiki sita zilizopita, tena ukiwa na pesa za starehe zisizo na mwenyewe mwingine, ningekuambia unolee bila kinga katika ngazi ya 5, ambako kinga haina kazi, na uanze kuinunua kuanzia ya 6, kwa maana huko nako dola 7 mara mbili na nusu ni 17 na nusu, na hiyo haizidi sana dola 16 na nusu za kwenda bila kinga, ila inakuondolea mshtuko. Ukifika ya 7, kujaribu bila karatasi ni kutupa pesa. Lakini tazama pia jinsi biashara hii ilivyopangwa: kuanguka si tabia ya chuma, ni kanuni iliyowekwa na mtu mezani, kisha mtu huyohuyo akafungua duka la kuuza kinga dhidi ya kanuni yake.

Kwa kweli kizazi chako kimepunguziwa ukali. Katika Lineage, mchezo wa Korea wa mwaka 1998 ambao wengi wanaufuata hadi leo, silaha inayopandishwa kupita +6, jaribio likishindwa, haishuki ngazi bali inapotea kabisa. Ragnarok Online ya 2002 ilikuwa vivyo hivyo: ukipita mpaka wa usalama, mhunzi akikosea, kilichokuwa mkononi mwake kimevunjika. Mimi mwenyewe niliwahi kuvunja fimbo ya uchawi ya miezi minne ndani ya saiba moja ya mjini, mbele ya vijana wenye midomo mirefu, na nililipia nusu saa nyingine ya mashine kwa ajili tu ya kukaa na kuitazama nafasi tupu ilipokuwa. Kwa hiyo usidhani ninakuandikia kutoka mimbarini.

Mkuu wako anasema ya saba haina budi kupita. Yeye ni wa Kolwezi, mji wa migodi, na nadhani anawaza kama mchimbaji wa shimo: mtu aliyekwisha kuchimba mita sita hana haja ya kuzichimba tena, na kama madini yako mita ya saba, basi yako karibu kweli. Shimo linatunza kazi ya jana. Bahati nasibu ya seva haitunzi. Kila unapobonyeza, seva inatoa namba mpya isiyojua chochote kuhusu zile zilizotangulia, na nafasi ya jaribio la saba ni asilimia 20 kama ilivyokuwa ya kwanza. Saa tisa ya usiku ni hivyohivyo. Faida yake pekee ni kwamba mtandao unakuwa mwepesi, nawe unapoteza mawe yako bila kukwamakwama.

Hapa lakini lazima niwe mwangalifu, kwa sababu ipo michezo ambayo kwa makusudi imejengwa kama shimo. Katika Lost Ark kila jaribio linaloshindwa hujaza kipimo fulani, na kipimo kikijaa jaribio linalofuata linafaulu kwa hakika. Katika Black Desert Online kila kushindwa huongeza nafasi ya jaribio litakalofuata, na akiba hiyo hudumu mpaka utakapofaulu. Ndiyo maana wachezaji wa Black Desert huchoma kweli vitu vya bei ndogo kwanza, wakajikusanyia akiba ya kushindwa, kisha wakaleta silaha yenye thamani. Rafiki yako huenda alimsikia mtu wa Black Desert akizungumza, akadhani ni siri ya wahunzi wote duniani. Desturi ambayo katika mchezo mmoja ni ufundi, katika mwingine ni hirizi. Fungua dirisha la mhunzi wako, uangalie kama asilimia iliyoandikwa inabadilika baada ya kushindwa au kama kuna kipimo kinachojaa. Wewe umeanguka mara nyingi na bado unaniandikia kwamba ni 20. Kwa hiyo nachukulia kwamba hakuna, na panga mbovu unazotaka kuzichoma ni heri uziuze kwa dhahabu ya mchezo.

Tunafika kwenye dola 60. Sitakudanganya ili nikushinde. Kwa dola 7 kila jaribio, zinakupa majaribio 8 yenye kinga, na uwezekano wa kufaulu angalau mara moja katika majaribio hayo ni asilimia 83. Hiyo ni nafasi ya kweli. Bado nakuambia usizitumie.

Kwanza, angalia unachonunua. Kutoka 412 hadi 437 ni nyongeza ya asilimia 6 ya shambulio la upanga, kwa mtu mwenye glavu na viatu vya ngazi ya 3. Kila mchezo wa aina hii niliowahi kuucheza unafanana katika jambo moja: ngazi za chini za kila kifaa ni rahisi na zinaongeza nguvu nyingi kwa bei yake, na ngazi za juu za kifaa kimoja ni ghali na zinaongeza kidogo. Aliyepandisha vifaa vyake vyote hadi mpaka wa usalama kwa kawaida humsumbua vitani yule mwenye upanga wa kutisha na viatu vya mkulima. Glavu zako na viatu vyako viko chini ya ngazi ya 5, ambako hakuna kuanguka, na mawe ya bure ya kazi za kila siku yanatosha kuvipandisha taratibu bila senti moja. Isitoshe, kama mchezo wako una soko la wachezaji ambalo silaha zilizokwisha kupandishwa zinauzwa kwa dhahabu ya mchezo, chungulia bei ya upanga wa ngazi ya 8. Mara nyingi ni nafuu kumlipa aliyebahatika kuliko kwenda kuitafuta bahati mwenyewe, kwa kuwa wauzaji wanashindana wao kwa wao na gharama ya walioanguka njiani haiingii yote katika bei.

Pili, na hili sitalizungusha, dola 60 hizo umezipokea lakini hujazilipia bado. Likelemba yenu ina watu kumi. Wewe ulichukua zamu ya tatu, na tangu hapo umechangia mara moja. Zimebaki zamu sita, yaani dola 180, ambazo ni za wenzako waliokutangulizia. Sitini ulizo nazo ni michango yako ya miezi miwili ijayo. Uwezekano wa asilimia 83 ni mzuri kwa upanga. Kwa deni la wenzako unaokaa nao pembeni ya soko kila siku, asilimia 17 ya kubaki mikono mitupu ni kubwa mno, na hata ukifaulu, mikono ni mitupu vilevile isipokuwa na upanga.

Kwa mkuu wa ukoo usitafute udhuru wa umeme au wa mega zilizokwisha, kwa sababu utalazimika kuutafuta mwingine Jumamosi inayofuata. Mwandikie mapema, leo au kesho, si saa moja kabla ya vita, maneno ya namna hii: «Mkuu, upanga wangu utabaki ngazi ya 7. Pesa ya kununua mawe sina na sitaiweka tena. Nipe kazi inayofaa silaha hii: kulinda waganga, kusukuma mtambo wa kubomolea lango, au kufunga njia ya nyuma. Ukiona sifai, mweke mwingine mbele, sitakasirika.» Ukoo wenye akili unajua kwamba ngome haianguki kwa mstari wa mbele peke yake. Na kama jibu lake litakuwa kukufukuza kwa ajili ya nyongeza ya asilimia 6 ambayo yeye hailipii, basi amekuonyesha bei yako machoni pake, nawe utafute ukoo mwingine. Mchezo wa miaka miwili hauna ukoo mmoja tu.

Kwa Yaya, nenda mwenyewe, kwa miguu, kabla mwekahazina hajasikia. Usimpigie simu na usimtumie ujumbe. Mfuate jioni anapokunja vitenge, wakati wateja wameondoka, umpe dola 60 mkononi kabla hujaanza kusema, kisha umweleze kwa tarakimu kama ulivyonieleza mimi: nilipokea 300, nimetumia 240 katika mchezo wa simu, mashine sikununua. Usianze na hesabu ya ngazi na karatasi za kinga. Hiyo ni yetu sisi wawili, na kwake itasikika kama utetezi. Mwombe azishike hizo 60 na awe anakulipia mchango wa mwezi huu na ujao kwa mkono wake, nawe umpelekee kila Jumamosi sehemu ya mapato ya kibanda kwa ajili ya miezi minne inayobaki. Atakasirika, na ana haki, kwa sababu alikudhamini kwa jina lake mbele ya rafiki yake. Mwache akasirike mpaka mwisho. Usimkate kauli kwa kuahidi kwamba hutacheza tena maisha yako yote. Hatakuamini, na wewe mwenyewe hujiamini. Ahadi unayoweza kuitimiza ni ndogo zaidi: namba ya yule jamaa mwenye kadi uifute mbele yake.

Na kuhusu jamaa huyo, au wengine watakaojitokeza wakiona umeacha kununua: utapelekewa ujumbe wa mawe kwa nusu ya bei. Usiguse. Mara nyingi mawe ya bei hiyo yamenunuliwa kwa kadi iliyoibwa, na siku mwenye kadi anapodai pesa zake benki, mchezo unanyang'anya mawe na kufunga akaunti iliyoyapokea, yaani yako.

Mashine ya hewa moto haijakufa kwa sababu pesa zake zimekwenda. Yule fundi unayempelekea kazi umwombe mpatane upya: badala ya kumwachia kazi na faida yote, ukae kwenye mashine yake saa fulani za asubuhi kwa malipo ya siku, ufanye kazi zako mwenyewe. Huenda akakataa. Lakini akikubali, utakuwa umejua kuitumia kabla ya kuinunua, jambo ambalo barua yako haikuniambia kama tayari unalijua.

Kuuza akaunti kwa dola 150 kunavutia, najua, kwa kuwa kungelipa karibu deni lote kwa mara moja. Michezo mingi ya mtandaoni inakataza katika masharti yake, na ikigundua hufunga akaunti bila kumrudishia mtu chochote. Mnunuzi atakuja kudai kwako, na kama ni mtu wa Lubumbashi atajua kibanda chako kilipo. Upande wa pili ni mbaya vilevile: wengi wanaotaja bei nzuri hivyo huomba kwanza namba ya siri «ili wathibitishe», wakishaipata wanabadilisha kila kitu, na pesa haifiki. Usiuze. Akaunti ibaki yako na upanga wake wa ngazi ya 7, na majaribio mawili ya bure ya wiki hii yaweke kwenye viatu.